Maswali ya Wasomaji: Nimeruka Siku Nyingi za Kusoma Neno, na Pasaka Imekaribia

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Jumatano ya Majivu nilijiwekea nia ya kusoma na kutafakari Neno kila siku mpaka Pasaka, nikifuata vifungu vinavyopangwa kwa kila siku. Wiki mbili za kwanza nilikwenda vizuri, kisha kazi na uchovu vikanizidi, nikaruka siku moja, halafu nyingine, na sasa niliyoyaacha ni mengi kuliko niliyoyasoma. Nimejaribu kuyafidia kwa kusoma vifungu vya siku kadhaa kwa mkupuo, lakini nafika mwisho bila kukumbuka nilichosoma. Je, niendelee kufidia, au nikubali kwamba mwaka huu nimeshindwa? (Dada msomaji)

JIBU: Amina, dada yangu. Usifidie. Vifungu ulivyoviruka si deni, na hakuna anayekudai. Ukivisoma kwa haraka ili uhesabu kwamba umevimaliza, utakuwa umetimiza ratiba huku Neno lenyewe likikupita. Anza pale ambapo siku imefika. Kwa kuwa Juma Kuu liko mlangoni, ningekushauri uweke kando mpango wa awali, uchukue Injili moja tu, ile ya Marko, uisome kuanzia sura ya 11 hadi ya 16 kwa kufuata siku zake.

Nachagua Marko kwa sababu yeye, kuliko wainjili wengine, anaonyesha wazi siku moja inapoisha na nyingine inapoanza. Jumapili Bwana anaingia Yerusalemu, anatazama yote yaliyomo hekaluni, na kwa kuwa ni jioni anaondoka kwenda Bethania (11:1-11). Jumatatu ni mtini usio na matunda na kusafishwa kwa hekalu (11:12-19). Jumanne ni ndefu mno, kuanzia 11:20 hadi mwisho wa sura ya 13, nawe huna haja ya kuisoma yote kwa uzito uleule: simama kwa mjane aliyetia senti mbili (12:41-44), kisha usome sura ya 13 kuanzia mstari wa 32. Jumatano ni mwanamke wa Bethania aliyemmiminia Yesu marhamu kichwani, na mapatano ya Yuda (14:1-11). Alhamisi ni sehemu iliyobaki ya sura ya 14, na Ijumaa ni sura ya 15.

Sasa naomba utulie nami kidogo kwenye mwisho wa sura ya 13, kwa sababu ndipo lilipo jibu la swali lako hasa, ambalo nadhani linahusu kushindwa kuliko ratiba. Yesu anawaambia wanafunzi wakeshe, kwa maana hawajui mwenye nyumba atakuja lini, kama ni jioni, au usiku wa manane, au jogoo awikapo, au asubuhi (13:35). Hizo ni zamu nne za usiku kama zilivyohesabiwa wakati ule. Ukifika Alhamisi, zisome saa hizo tena zikiwa zimegeuka matukio: jioni anakuja pamoja na wale Thenashara, na mezani anasema mmoja wao atamsaliti, usiku, katika bustani ya Gethsemane, anawakuta watatu wamelala na kumwuliza Petro, “Hukuweza kukesha saa moja?”, jogoo anawika na Petro amekwisha kumkana, asubuhi Bwana anafungwa na kupelekwa kwa Pilato. Waliousikia wosia wa kukesha kwa masikio yao wenyewe hawakuweza kukesha hata katika zamu moja kati ya hizo nne. Lakini kabla hawajalala, kabla hawajakimbia, alikuwa amekwisha kuwaambia kwamba baada ya kufufuka atawatangulia kwenda Galilaya (14:28), na kaburini yule kijana aliyevaa vazi jeupe anawatuma wanawake wakawaambie wanafunzi wake, “na Petro” (16:7). Jina linalotajwa ni la yule aliyeanguka vibaya kuliko wenzake waliokimbia. Ukijisikia kwamba kusinzia kwako katika Kwaresima kumekutoa miongoni mwa wanafunzi, soma mistari hiyo miwili kwa sauti, mmoja baada ya mwingine.

Namna ya kutafakari isiwe ngumu. Soma kifungu mara mbili bila haraka, chagua mtu mmoja aliyemo, ujiulize anamwona Yesu akifanya nini, kisha umwombe Bwana kuhusu hilo tu. Ijumaa, ukiwa na nafasi, ongeza Zaburi ya 22 kando ya sura ya 15, nawe utaona jambo la kustaajabisha: Marko anaigusa zaburi ile akirudi nyuma, kwanza kupigiwa kura kwa mavazi (mstari wa 18), kisha wapitao njiani wakitikisa vichwa (mstari wa 7), na mwishowe, saa tisa, kilio cha mstari wa kwanza, “Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?” Usiharakishe kukituliza kilio hicho kwa maelezo. Marko mwenyewe amekiacha kisikike.

Jambo moja zaidi: usichanganye Injili nne wiki hii. Yohana anaweka karamu ya Bethania siku sita kabla ya Pasaka, Marko anaisimulia baada ya kutaja kwamba zimebaki siku mbili, na anayezisoma zote kwa pamoja huishia kupanga tarehe badala ya kumtazama yule mwanamke, ambaye Bwana alisema juu yake, “Ametenda alivyoweza.” Ulinganisho huo una wakati wake, na wakati wake si sasa.

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Kila mwaka najua la kusoma Alhamisi na Ijumaa, lakini Jumamosi hubaki tupu, na wengi wetu tunaitumia kwa maandalizi ya sikukuu. Tusome nini siku hiyo? (Kijana wa kwaya)

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Marko anaruka kutoka wanawake walioona mahali alipowekwa (15:47) hadi sabato ilipokwisha (16:1), na Luka anaongeza tu kwamba walistarehe kama ilivyoamriwa (23:56). Kwa hiyo msitafute tukio. Someni Zaburi ya 88, ambayo ni ombolezo lisilogeuka kuwa sifa hata mwishoni, na muisome kwa niaba ya wale ambao mwaka huu wamezika wapendwa wao. Maandalizi yanaweza kuendelea. Zaburi hiyo ina mistari 18 tu.

Jumapili asubuhi soma Marko 16:1-8 na uishie hapo, mahali ambapo nakala mbili maarufu za Biblia zilizoandikwa kwa mkono katika karne ya 4, ile ya Sinai na ile ya Vatikano, zinaishia pia, wanawake wakiwa wamekimbia kwa hofu. Jioni ya siku hiyohiyo fungua Luka 24, usome habari za wale wawili wa Emau waliofafanuliwa Maandiko njiani. Kuanzia hapo mna siku 50 mpaka Pentekoste, na Matendo ya Mitume, yenye sura 28, yanaenea vizuri humo hata kwa msomaji anayeruka siku moja moja.