Ping inajibu, snmpwalk iko kimya

SWALI: Nikiandika `snmpwalk -v2c -c public 192.0.2.10` napata "Timeout: No Response". Ping kwenda seva hiyohiyo inajibu vizuri. Nimekosea neno la siri (hilo `public`)?

JIBU: Huenda, lakini ujumbe huo hauwezi kukuambia. Katika v2c (toleo la SNMP, itifaki ya kusoma hali ya vifaa vya mtandao), ajenti, yaani programu ya kwenye seva inayojibu maombi, ikipokea neno lisilo sahihi haikukaripii. Inaitupa pakiti na kunyamaza. Kwa hiyo neno baya, fayawoli na ajenti iliyozimwa vyote vinafanana ukiwa upande wako. (Kwa v3 afadhali: ukikosea jina la mtumiaji, huambiwa "Unknown user name".) Ping nayo isikudanganye, maana hutumia itifaki nyingine, ICMP, na SNMP hupita UDP poti 161.

Ingia kwenye seva uandike `ss -lun`, uone poti za UDP zinazosikilizwa. Ukiona 127.0.0.1:161, umeshapata kasoro: snmpd (ndiyo ajenti) ya Debian na Ubuntu huja ikisikiliza ndani ya mashine tu. Fungua `/etc/snmp/snmpd.conf`, tafuta mstari wa `agentaddress`, weka anwani ya seva, kisha anzisha snmpd upya.

Poti ikiwa wazi na kimya kikaendelea, endesha `tcpdump -ni any udp port 161` kwenye seva, ikuonyeshe pakiti zinazofika, urudie snmpwalk. Pakiti zisipofika kabisa, zinazuiwa njiani. Zikifika bila kujibiwa, kagua neno la siri, anwani zinazoruhusiwa, na pia fayawoli ya seva yenyewe, kwa kuwa tcpdump huziona pakiti kabla fayawoli haijazikataa.

Mtandao ukiwa mzito tu, ongeza `-t 3 -r 2`. Bila hivyo, amri husubiri sekunde 1 na kurudia mara 5.

SWALI: snmpwalk inafanya kazi, ila snmpget ya 1.3.6.1.2.1.1.3 (sysUpTime, muda tangu ajenti ianze) inaleta "No Such Instance". Kwa nini?

JIBU: Umesahau `.0` mwishoni. snmpget huomba thamani moja kamili. Snmpwalk huitafuta yenyewe kwa kusonga mbele.

SWALI: Grafu ya trafiki kwenye laini ya 1 Gb/s inaonyesha kiasi kidogo mno. Nasoma ifInOctets kila dakika 5.

JIBU: Kaunta hiyo, inayohesabu baiti zinazoingia, ni ya biti 32. Ikifika 4,294,967,295 inarudi sifuri, na laini ya 1 Gb/s iliyojaa huifikisha huko kwa sekunde 34 hivi. Ndani ya dakika 5 imezunguka mara kadhaa bila grafu kujua. Kusoma mara nyingi zaidi si dawa. Ni kuichosha ajenti bure. Soma ifHCInOctets, yaani 1.3.6.1.2.1.31.1.1.1.6, yenye biti 64, ukiongeza namba ya kiolesura mwishoni. Uwe na `-v2c` au `-v3`, kwani v1 haina uwezo wa kubeba kaunta za biti 64.