Yule askari wa pale Posta ni nani hasa?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi nauza vocha na chaja za simu huku Samora, kila siku napita chini ya Sanamu ya Askari. Juzi mteja mgeni akaniuliza huyu ni nani, nikabaki sina jibu. Wenzangu wanasema ni mambo ya mkoloni ingetolewa kitambo. Ukweli ni upi?
Msomaji, Ilala

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wenzako wamepata nusu. Waliomsimamisha ni Waingereza kweli, mwaka 1927, ila aliyesimama pale ni Mwafrika, na hana jina kwa sababu si mtu mmoja, anawakilisha askari wote weusi waliopigana upande wa Mwingereza kwenye vita ya 1914 mpaka 1918 hapa Afrika Mashariki.

Kabla yake pale palikuwa na sanamu ya Mjerumani, Hermann von Wissmann, yule aliyekuja kuwapiga watu wa pwani kina Abushiri, na Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Kwenye sanamu ile Wissmann alikuwa juu, na chini kwenye miguu yake kuna askari Mwafrika anamtazama. Waingereza walipoingia Dar Septemba 1916 wakaing'oa, baadae ikaishia Hamburg mbele ya chuo kikuu, na huko nako wanafunzi wakaiangusha 1968. Kwaiyo ukipita pale kumbuka kwamba askari aliyekuwa chini akiangalia juu, miaka michache baadae akapandishwa juu mwenyewe. Kwangu hilo si jambo dogo, hata kama aliyempandisha alikuwa na sababu zake za kikoloni.

Sasa siku ukipata nafasi usogee usome maandishi. Yapo kwa Kiingereza, kwa Kiswahili cha herufi tunazotumia sasa, na kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, manake wakati ule wasomaji wengi wa pwani walisoma hizo. Maneno yake aliyatunga Kipling, yule mshairi wa Kiingereza ambaye mwenyewe alipoteza mtoto wa kiume vitani Ufaransa 1915 na akafa bila kujua kaburi lake liko wapi. Yanawataja askari, alafu yanawataja wapagazi kwamba ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na mwisho yanasema mtu akipigania nchi yake hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake.

Hapo kwenye jina ndipo panaponiuma mimi. Wapagazi walikuwa wengi kuliko askari mara nyingi sana, upande wa Mwingereza peke yake walipita takribani milioni moja, maana ng'ombe na punda walikufa kwa mbung'o na barabara hazikuwepo, kwaiyo risasi, unga, mahema, dawa, vyote vilienda kwa kichwa cha mtu, mzigo wa kilo 25 hivi, mvua inyeshe, mto ujae, mtu anatembea tu. Wengi walichukuliwa kwa nguvu vijijini. Na hawakuuawa na risasi sana, waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu, walipewa unga mbaya usioiva vizuri na matumbo yao hayakuuzoea. Waliokufa ni karibu laki moja. Laki moja mdogo wangu, na pale Posta mpagazi hata mmoja hajachongwa amesimama na askari. Nairobi angalau wamemuweka, kwenye sanamu ya Kenyatta Avenue wako watatu na mmoja wao ni mpagazi.

Ila Dar wana kitu kingine ambacho watu wanakitaja kila siku bila kujua. Kambi ya wapagazi ilikuwa pale kwenye jengo la soko walilolijenga Wajerumani, kikosi chenyewe kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, midomo yetu ikalifanya Kariakoo. Konda akipaza sauti "Kariakoo Kariakoo" anawataja wale watu.

SWALI: Mhariri, baba yake babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo ya vita na hakurudi. Kaburi lake naweza kulipata?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na nisikudanganye, uwezekano ni mdogo mno. Askari wa kizungu waliandikwa majina yao, kwenye jiwe la kaburi au kwenye mnara, wapagazi walifukiwa njiani au kwenye makaburi ya pamoja ambayo baadae yaliachwa yakawa pori. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakiri na kuomba radhi, ikasema watu wasiopungua 116,000 na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Na hao ni wa upande wa Mwingereza tu. Mjerumani naye alibebesha watu huku kwetu, na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wao, lilihama huku na huku likila chakula cha wenyeji mpaka likasalimu amri Novemba 25, 1918, huko Abercorn ambako leo ni Mbala, Zambia, wiki mbili baada ya vita kuisha Ulaya. Nyie Wagogo njaa iliyofuata majeshi kupita mnaiita Mtunya hadi leo, na waliokufa kwa Mtunya hawamo kwenye mnara wowote niliouona.

Kwaiyo kabla hujahangaika na ofisi, kaa na wazee wa ukoo. Uliza alichukuliwa na Mjerumani au na Mwingereza, maana mafaili yao hayakai sehemu moja. Uliza kama ni kabla ya Mtunya au wakati wa Mtunya, hapo utapata mwaka. Alafu uliza jina lake lote, lile la nyumbani aliloitwa na mama yake, uliandike na utuletee, tutalichapa hapa hapa kwenye ukurasa huu.