Lango Kwanza, Kitanda Baadaye: Majibu kwa Wanaotafuta Malazi ya Kilimanjaro

Kila kipupwe kinapokaribia na skuli zetu zinapojiandaa kufunga, maswali ya malazi ya Kilimanjaro huwa mengi kuliko yote ninayoletewa. Nimechagua yale yatakayowafaa watu wengi. Waliouliza jambo lile lile watapata jibu lao ndani ya jibu la mwenzao, na ninawaomba wasome hadi mwisho kabla ya kuniandikia tena.

Tupo watu sita na tunakwenda Kilimanjaro mwezi wa Julai. Tutajie nyumba ya wageni nzuri, ya bei nafuu, iliyo karibu na mlima. (Msomaji, Fuoni)

Ndugu yangu, sitakutajia jina, na si kwa uchoyo. Hukusema mnakwenda kufanya nini wala mtaingilia lango gani, na bila ya mambo hayo mawili jina lolote nitakalolitoa litakuwa la kubahatisha. Anayetafuta nyumba karibu na mlima hana tofauti na mgeni anayetafuta chumba Unguja karibu na bahari: Nungwi ipo karibu na bahari na Makunduchi nayo ipo karibu na bahari, lakini aliyelipia Makunduchi ilhali shughuli zake zote ziko Nungwi, mapumziko yake atayamalizia garini.

Mlima ule ni mpana, na malango yake yametawanyika. Lango la Marangu liko kusini-mashariki, na njia yake hukatia Himo. Malango ya Machame na Umbwe yako upande wa kusini na ndiyo yaliyo karibu zaidi na mji wa Moshi. Lango la Londorossi liko magharibi, na mtu hulifikia kwa kupitia Boma Ng'ombe na Sanya Juu. La Nalemuru, ambalo ndilo la njia ya Rongai, liko Rombo, karibu na mpaka wa Kenya. Kutoka Machame hadi Marangu peke yake ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari, na hakuna njia ya mkato.

Kwa hiyo, ikiwa hamna nia ya kupanda bali mnataka kuona mashamba ya kahawa, maporomoko ya Materuni na chemchemi za Chemka, laleni Moshi mjini, kwa sababu barabara zote hizo zinaanzia hapo na vyumba vya bei ya kawaida ni vingi. Ikiwa mnataka kutembea msituni kwa siku moja na kurudi, laleni Marangu. Ikiwa mnapanda hadi kileleni, kampuni inayowapandisha mara nyingi huwa imeshaweka usiku wa kwanza na wa mwisho ndani ya bei yake, basi iulizeni kabla ya kulipia kitanda chengine. Nimeshawaona watu wetu wengi wakilipia usiku mmoja mara mbili kwa kukosa kuuliza swali hilo moja.

Je, ndani ya hifadhi yenyewe kuna hoteli? (Msomaji, Wete)

Hakuna. Kuna vibanda katika njia ya Marangu na mahema katika njia zote nyengine. Vibanda hivyo ni vya Mandara, kwenye mita 2,700 hivi, Horombo, kwenye mita 3,720, na Kibo, kwenye mita 4,700 hivi. Huwezi kwenda mwenyewe ukajipangia humo, kwani kupanda ni lazima kuwe na kiongozi mwenye leseni, na nafasi huombwa na kampuni yake.

Hukuniuliza, lakini nitalisema: katika njia ya Marangu kuna safari ya siku tano na ya siku sita, na tofauti yao ni usiku wa pili wa kulala Horombo ili mwili uzoee hewa nyepesi. Sisi tunatoka usawa wa bahari na kilele cha Uhuru kina mita 5,895. Ukitaka kubana matumizi, bana kwengineko. Usiku huo wa Horombo ulipie.

Kuna mtu ametangaza nyumba nzuri sana ya Marangu, picha zake zinavutia na bei ni ndogo. Anataka nimtumie fedha zote leo kwa simu kwa sababu anasema wateja ni wengi. Nimtumie? (Msomaji, Mwanakwerekwe)

Usimtumie. Nyumba inaweza kuwa ya kweli na picha zikawa za kweli, na bado huyo anayepokea fedha akawa hana uhusiano wowote nayo. Utapeli huu unarudi kila msimu kwa sura ile ile: picha zimechukuliwa kwa mtu mwengine, bei imeshushwa kidogo chini ya ile ya soko, kisha inakuja haraka. Hiyo haraka ndiyo silaha yake, kwani mtu aliyeharakishwa hana nafasi ya kumpigia simu hata jamaa yake mmoja aliyeko Moshi.

Fanya hivi. Kwanza, mpigie simu ya video na umwombe akuoneshe chumba, kisha atoke nje akuoneshe barabara. Mwenye nyumba hatasita. Pili, muulize jambo ambalo mkaazi tu ndiye anayelijua: kutoka mlangoni kwake hadi Marangu Mtoni mtu anapanda gari gani, na usiku gari za mwisho ni saa ngapi. Tatu, mtake lipa namba ya biashara, na jina litakalotokea kwenye simu yako kabla ya kuthibitisha malipo liwe ndilo jina la nyumba unayoikusudia. Likitokea jina la mtu binafsi usiyemjua, simamisha hapo hapo. Nne, lipa sehemu tu ya fedha, na iliyobaki uilipe utakapofika na kukiona chumba.

Kabla ya hata hiyo sehemu kutoka mfukoni mwako, akuandikie ujumbe unaoeleza tarehe ya kuingia na ya kutoka, idadi ya watu, kama bei ni ya chumba au ya mtu mmoja mmoja, kama kifungua kinywa kimo, na fedha zako zitakuwaje safari ikivunjika. Suala la bei ya chumba na bei ya mtu limezusha ugomvi mwingi mapokezini, na kosa mara nyingi halikuwa la mwenye nyumba. Mgeni alisikia tarakimu, akafurahi, asiulize zaidi. Ujumbe huo uhifadhi pamoja na risiti hadi urudi nyumbani.

Tukenda bila ya kuweka nafasi, hatutapata pa kulala? (Wasomaji kadhaa)

Swali hili nimelijibu mara nyingi, na ninasikitika kuliona tena likitoka kwa watu wa Visiwani. Sisi tunaishi na msimu wa wageni. Tunajua kwamba Julai na Agosti vyumba vya Paje na Kiwengwa huchukuliwa mapema na bei hupanda, na tunamshangaa mgeni anayeshuka uwanja wa ndege hajui atalala wapi. Kisha sisi wenyewe tunavuka bahari katika miezi hiyo hiyo, na watoto na mabegi, tukitegemea kwamba patapatikana.

Kuanzia Juni hadi Oktoba ni msimu wa ukavu mlimani, na ndipo wageni kutoka nje wanapofurika. Wengi wao hupanda mlima kwanza kisha huja kupumzika katika fukwe zetu, kwa hiyo hata ndege za baina ya uwanja wa Kilimanjaro na Unguja huzigombania pamoja nanyi. Moshi mjini hutakosa kitanda kabisa, lakini utapata kile kilichoachwa na wengine. Marangu na Machame, ambako nyumba ni chache na zimetawanyika migombani, unaweza ukakosa kweli, na usiku huko si mahali pa kuzunguka na watoto mlango hadi mlango. Weka nafasi miezi miwili kabla. Anayeweza kuondoka mwanzoni mwa Juni na afanye hivyo, kwani masika imekwisha na umati haujafika.

Sisi ni wa Mkoani. Njia ipi ni nyepesi, na tulale wapi njiani? (Msomaji, Pemba)

Inapokuwapo meli ya Tanga, ichukueni, kwa sababu kutoka Tanga mtapita Segera, Korogwe, Mombo na Same, na hamtakuwa na haja ya kuingia Dar es Salaam kabisa. Ulizeni bandarini siku zake kabla ya kupanga tarehe za chumba, na tarehe za chumba zifuate za meli.

Mkipitia Unguja na Dar es Salaam, jueni kwamba kituo cha mabasi cha Magufuli kipo Mbezi Luis, mbali na bandari, na mabasi mengi ya mchana huondoka alfajiri, wakati boti ya asubuhi bado haijang'oa nanga Malindi. Basi ima mlale Dar es Salaam, tena upande wa Mbezi na si Kariakoo, au mchukue basi la usiku, ambalo limeruhusiwa tena tangu mwaka 2023. Atakayesafiri usiku amwarifu mwenye nyumba kwamba atafika kabla ya mapambazuko, la sivyo atakaa barazani na mizigo yake hadi mchana, kwa sababu chumba huwa bado kina mtu.

Jambo moja zaidi kwa wanaolala Marangu: basi linalotoka Dar es Salaam au Tanga hupita Himo kabla ya kufika Moshi. Shukeni Himo, hapo mtapata gari za kupanda Marangu. Anayeendelea hadi Moshi hulazimika kurudi njia ile ile aliyopita, na kulipa nauli ya pili.

Mimi na mume wangu ni watu wazima. Tunakhofia chakula na mahali pa kusali. (Bibi, Kikwajuni)

Bibi, msiwe na khofu, ila ulizeni mapema. Moshi mjini Waislamu ni wengi, misikiti ipo na mikahawa ya chakula cha halali ipo. Vijijini huko juu wakaazi wengi ni Wakristo, na nyumba nyengine za wageni zina baa inayopika nyama ya nguruwe katika jiko hilo hilo. Si vibaya kumuuliza mwenye nyumba waziwazi kama jiko ni moja na nani anachinja. Watu wa kule wamezoea kuulizwa na hujibu kwa heshima. Zipo pia hosteli zinazoendeshwa na makanisa ambazo haziuzi pombe, ni safi na ni tulivu, na familia nyingi za Kiislamu hulala humo bila ya tatizo.

Kuhusu kibla, Moshi ni kaskazini kama kwetu, kikielemea mashariki kidogo, na kilele cha Kibo nacho kipo kaskazini ya mji. Akiwa Moshi, aliyeelekea mlima ameelekea kibla.

Tubebe mablanketi? (Msomaji, Chake Chake)

Mablanketi yapo. Bebeni sweta na soksi nzito, na kabla ya kulipa hakikisheni kwamba bafuni mna maji ya moto, kwani baridi ya Marangu mwezi wa Julai si ya kuoga maji ya bomba asubuhi.

Tutatakiwa cheti cha ndoa? (Msomaji, Bububu)

Beba nakala, haina uzito. Kitambulisho cha taifa ndicho cha lazima.

Nimetajiwa bei ya chumba kwa dola. Ni sawa? (Msomaji, Mombasa ya Unguja)

Si sawa. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zimekataza biashara za ndani ya nchi kutangaza na kutoza bei kwa fedha za kigeni, isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa humo. Dai bei ya shilingi, na uulize kama ipo bei ya wenyeji, kwa sababu mara nyingi ipo na haitajwi mpaka iulizwe.

Nina mtoto wa miaka saba na mwengine wa kumi na mbili. Nataka nao wauone mlima. Nichukue chumba chenye dirisha la mlimani? (Mama, Jang'ombe)

Usilipe zaidi kwa ajili ya dirisha. Katika miezi ya kipupwe mawingu huufunika upande wa kusini kwa muda mrefu wa mchana, na Kibo huonekana zaidi alfajiri na kabla ya magharibi, kwa dakika ambazo unaweza ukatoka uani ukautazama bure. Fedha hizo ziweke kwenye chumba kikubwa zaidi, ili watoto wasilale kwa kubanana.

Wa miaka saba hataruhusiwa kwenda kileleni, kwani umri wa chini ni miaka 10, na huyo wa miaka 12, ingawa kanuni inamruhusu, mimi singempeleka mtoto ambaye hajawahi kulala penye mwinuko. Safari ya kutoka lango la Marangu hadi Mandara ni kiasi cha kilomita nane kwenda tu. Mkubwa ataiweza, mdogo atachoka njiani na mtabidi kumbeba, kwa hiyo mwambieni kiongozi tangu mwanzo kwamba mtageuka mdogo atakapochoka. Maporomoko ya Kinukamori, yaliyo hapo hapo Marangu, yanawafaa wote wawili.

Chukua vyeti vyao vya kuzaliwa pamoja na kitambulisho chako. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana, wakati mgeni wa nje hutozwa dola 70 kwa siku kabla ya kodi, na langoni hawatoi punguzo kwa maneno matupu.

Na Disemba je, skuli zikifunga? (Msomaji, Mahonda)

Baada ya katikati ya Disemba, Wachaga kutoka kila pembe ya nchi hurudi kwao kwa Krismasi. Mabasi hujaa na barabara ya kwenda Moshi husongamana. Nendeni katika wiki mbili za mwanzo, au subirini hadi Januari watu watakapokuwa wamerejea makazini. Epukeni pia siku za mbio za Kilimanjaro mjini Moshi, ambazo huangukia mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kwa kuwa vyumba vya mji mzima huwa vimechukuliwa na wakimbiaji.