Maswali ya Wasomaji: "Ulirudije Darasani, Mwalimu?"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasomea ualimu hapa Kwale. Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nilikuwa kidato cha 3, mambo niliyaona kutoka dawatini. Je, wewe uliyekuwa mbele ya darasa, ulirudije ilhali ugonjwa ungalipo?
– Msomaji, Kwale

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nilirudi Jumatatu, Oktoba 12, 2020. Walioitwa kwanza walikuwa gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4. Wengine wakangoja hadi Januari. Mimi nilikuwa na darasa la 8, Kiswahili, huku Kilifi. Sikufichi, niliogopa. Naishi na mama yangu mzee, na kila jioni nilioga kwanza ndipo nikampa mkono.

Ndoo za maji na kipimajoto langoni tulivizoea upesi. Barakoa ndiyo iliyonitesa. Kwenye imla nilitamka "thamani", karibu nusu ya darasa wakaandika "samani". Nikarudia kwa sauti, wapi! Mtoto huusikiliza mdomo kwa macho pia. Basi nikatoka nje, nikasimama mbali na dirisha, nikaishusha barakoa na kutamka upya. Imla zote za muhula ule nilizisomea uani, juani.

Kisha nikaziona hati zao. Kijana mmoja niliyemwacha akiandika vizuri mno sasa aliishika kalamu kama patasi. Nikamgeuza kiganja: sugu tupu. Miezi yote ile alikuwa timboni akichonga mawe. Silabasi nikaiweka kando wiki nzima, nikawaambia waandike walivyoshinda nyumbani. Yeye aliandika nusu ukurasa: bei ya jiwe, lori lililokwama matopeni, siku aliyopondeka kidole. Wenzangu waliniambia napoteza wakati, na mtihani ulikuwa mlangoni. Mpaka leo naamini sikupoteza hata dakika moja.

Dawati moja la nyuma lilibaki tupu. Nilikwenda kwao mara mbili. Mara ya kwanza msichana hakutoka chumbani. Ya pili alitoka akiwa na mtoto mgongoni, akaniuliza kama sare bado inahitajika. Nikamwambia aje na alichonacho. Machi 2021 aliufanya mtihani wa darasa la 8, na kila mapumziko alikimbia hadi mwembeni nje ya lango, ambako nyanya yake alikuwa amempakata mtoto, naye msichana akamnyonyesha haraka kabla kengele haijalia.