Ukitaka manati isikuchoshe, bandika karatasi

Waliokua Pemba wengi wameshika manati utotoni, na wengi wameiweka chini kwa sababu moja: kopo likishaanguka mara kadhaa, halina jipya tena. Mimi ni mtu mzima na bado napiga, hapa hapa Wete nyuma ya nyumba. Ushauri wangu wa kwanza ni kuachana na kopo.

Kopo lina majibu mawili tu, umepata au umekosa. Karatasi inakuonyesha umekosa kwa kiasi gani na upande gani. Chora duara dogo kama kifuniko cha chupa ya soda, simama mita 10, piga tano, kisha nenda ukatazame matundu. Yakisongamana chini kushoto, mkono wako umetulia. Lenga juu kidogo, kulia. Yakitawanyika, kasoro iko kwenye kuvuta: mara unavuta hadi kidevuni, mara hadi shavuni. Chagua sehemu moja usoni, mimi yangu ni pembe ya mdomo, na kidole gumba kiiguse kila mara kabla hujaachia. Hilo peke yake ni kazi ya miezi.

Wala usikimbilie umbali. Kwenye Olimpiki bunduki ya upepo hupigwa mita 10, na alama ya 10 ni kitone cha nusu milimita. Kuna watu wanakitafuta kitone hicho maisha yao yote. Ukizoea duara lako, lipunguze, usirudi nyuma.

Mawe ya njiani yaache, kila moja lina uzito wake na hutojua kosa ni la mkono au la jiwe. Chukua udongo wa bonde la mpunga, viringa vidonge vilingane, vianike kivulini visipasuke. Nyuma ya karatasi tundika kanga kuukuu, uiache ilegee: kidonge kikiigonga kinaishiwa nguvu na kudondoka. Mpira ukaguliwe kila siku pale ulipofungwa. Ukiona ufa, hata mdogo, kata ufunge upya, maana ukikatika unarudi usoni. Miwani ni lazima.

Ndege waacheni, nawaomba sana. Ninga wa Pemba hayuko kwingine popote duniani, na popo wetu mkubwa hali kadhalika. Shabaha ya karatasi ni ngumu kuliko ndege aliyetua, na haimtoi mtu roho.

Halafu tafuta mwenzio. Mtoto wa kaka yangu aliniambia, "Ami, leo tupige kwa mkono wa kushoto." Tukapiga, na kila kitu kikaanza upya: jicho, mvuto, pumzi. Siku hizi tunakutana Ijumaa jioni, na aliyeshinda ndiye anayechagua mtindo wa wiki ijayo. Ijumaa hii tutapiga tumepiga goti.