Ng'ombe mweusi, mbegu ya dume mweusi, ndama mwekundu

SWALI: Nina ng'ombe wa Friesian mwenye mabaka meusi na meupe, niko Rungwe. Mhimilishaji alisema ameweka mbegu ya Friesian mweusi, lakini ndama kazaliwa mwekundu na mweupe. Majirani wanasema nimepigwa, hiyo ni mbegu ya Ayrshire, aina ya ng'ombe wekundu na weupe. Nimdai fedha yangu?

JIBU: Usimdai bado. Rangi ya huyo ndama inamtaja mama yake kwanza.

Weusi na wekundu wa Friesian huamuliwa hasa na jeni iitwayo MC1R. Ng'ombe ana nakala mbili, moja ya baba, moja ya mama. Nakala ya weusi ina nguvu: ikiwepo hata moja, ng'ombe huwa mweusi, na ile ya wekundu hujificha, pengine vizazi kadhaa. Ndama mwekundu wa kawaida amepewa wekundu na wazazi wote wawili. Kwa hiyo ng'ombe wako, kwa weusi wake wote, anaubeba. Asingekuwa nao, hata mbegu ya Ayrshire ingekupa ndama mweusi na mweupe. Hapo ndipo majirani wanapokosea. (Mabaka meupe yana jeni zake nyingine, tuyaache.)

Upo pia wekundu unaoushinda weusi, ulioanzia kwa Holstein mmoja (ndugu wa Friesian) aliyezaliwa Kanada mwaka 1980, lakini dume mwenye nao huwa mwekundu mwenyewe. Ungemwona kwenye picha ya katalogi ya madume.

Sasa baba. Madume weusi wa Friesian wanaobeba wekundu wapo, na wala si kasoro. Wapo wafugaji wanaowatafuta. Omba jina na namba ya dume vilivyoandikwa kwenye mrija wa mbegu, kisha mtafute kwenye katalogi. Akiwa na alama RC, anabeba wekundu, na kila uzao wa wawili hao una nafasi moja kati ya nne ya kutoa mwekundu. Hata kama ng'ombe wako alishakuzalia weusi watatu, hilo halibadilishi kitu. Ikiwa dume alipimwa akaonekana hana wekundu, hapo una hoja: nywele za mkia zenye mizizi, za ndama na mama, zipelekwe maabara kupima uzazi.

Na mpige picha ndama leo. Wapo Friesian wanaozaliwa wekundu kisha wakawa weusi baada ya miezi michache, wakibakiwa na mstari mwekundu mgongoni na duara kuzunguka pua.