Sola haifuti moshi wa tanuri

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Najenga nyumba ya vyumba vitatu hapa Mukono, Uganda, imefika lenta. Kuna bwana anasema nikifunga sola na tangi la lita 1,000 atanipa cheti cha "nyumba ya kijani" kwa shilingi milioni 2. Nimtumie picha tu. Nimlipe? Kuta ni za matofali ya kuchoma.

JIBU: Usimlipe. Mfumo wa vyeti wa EDGE wa IFC, shirika la Benki ya Dunia, kwa mfano, unataka nyumba iokoe, ikilinganishwa na nyumba ya kawaida, angalau asilimia 20 ya nishati, 20 ya maji, na 20 ya mzigo wa kutengeneza vifaa vya ujenzi, yaani nishati na hewa chafu yake. Mkaguzi hupitia michoro, kisha jengo lenyewe. Picha za simu!

Hiyo ya tatu ndiyo hakuna anayetaka kuisikia. Umeme wetu wa gridi kwa sehemu kubwa unatoka kwenye mabwawa ya mto Nile: Bujagali, Isimba, Karuma, ambayo hayachomi kitu. Sola itakupunguzia bili na giza, sawa, lakini moshi mwingi wa nyumba yako ulishatoka tanurini. Udongo ulichimbwa bondeni, ukachomwa kwa magogo ya mikaratusi, siku hizi hata miembe. Sasa chukua rula upime saruji iliyo kati ya tofali na tofali. Mimi nimekuta sentimita 3, kwa sababu matofali yamepinda na fundi anayanyoosha kwa saruji, ambayo nayo imepikwa kwenye joto la nyuzi 1,450 hivi.

Usibomoe, kilichochomwa kimechomwa. Uzio ujenge kwa matofali ya kufungamana, ya udongo ulioshindiliwa na saruji kidogo, bila kuni. Ila simama hapo mwenyewe: yafunikwe na kumwagiwa maji kwa wiki nzima. Wapo wanaoyaanika juani siku moja na kukuletea. Mvua ya kwanza, kingo zinamomonyoka.

Na tangi hilo? Paa la mita 100 za mraba likipata mvua ya milimita 10 tu, tangi limejaa. Mvua ya Aprili utaitazama ikimwagika.

Kila mwezi naletewa vyeti vya namna hii, vina mihuri na majani mabichi pembeni. Hakuna hata kimoja kilichotaja matofali. Juzi kimoja kilisifu "rangi rafiki kwa mazingira" kwenye nyumba ya paa la mabati isiyo na dari, saa nane mchana hukai ndani. Milioni 2 zako ziingie kwenye dari.